Mbuzi ya Riziki

Mchana wa jua kali Mzee Makame anajinyoosha barazani, anafumba macho, na baraza inaanza kutembea naye. Inamshusha kwenye njia isiyo na mwisho, naye anakwenda, kutangatanga amekuzoea tangu ujana, ila leo anamtafuta mtu, mkewe Riziki, aliyefunga nguo zake akaondoka miezi saba nyuma. Njia inageuka mji, kuta zake zote vioo, na kila kioo kinamwonyesha ua ule ule, wa Vuai na Haidari, wanaume wawili waliopendana kimyakimya, mtaa ukajifanya hauoni. Vuai amekalia mbuzi ya kukunia nazi, Haidari anachochea moto, huyu anasema kitu, yule anacheka mpaka anajishika mbavu. Kijicho kinamchoma Makame upya. Yeye na Riziki miaka thelathini walikula mbalimbali, yeye barazani, mkewe jikoni, na hakuna aliyewahi kumchekesha mwenzake hivyo. Ndiyo maana siku ile alisimama njiani akawatukana wale wawili kuwa ni wanawake, mtaa ukalidaka neno, na wiki haikwisha wakahama. Jioni ya siku waliyohama Riziki alimwuliza swali moja, Makame akamwambia mwanamke hajibizani na mumewe, na asubuhi Riziki hakuwapo.

Langoni pana mtu asiye na uso. Makame anamwuliza mke wangu yuko wapi. Kitendawili, anasema yule. Tega. Fimbo moja, migongo mitatu. Wa Vuai, anasema Makame, wa Haidari, wa tatu siujui. Unaujua, babu, umelala ukiutazama miaka thelathini. Na vioo vyote vinasema kwa sauti ya Riziki, Kama kuitwa mwanamke ni tusi, mume wangu, mimi ninayekupikia ni nani kwako?

Asiye na uso anamsogezea mbuzi. Kaa. Mimi mwanamume, anasema Makame. Na wao pia, anasema yule, ndicho kilichokutisha. Mzee anakaa, nazi hajui inashikwaje, anajikata kidole, anaendelea kukuna, na vioo havimwonyeshi tena mtu mwingine ila yeye.

Anazinduka barazani. Jua liko palepale. Jikoni hamna moto wala mtu, lakini kidole kinavuja damu, na chini ya kucha mna chembe nyeupe za nazi. Anakaa, hajui mji upi ndio wake. Kisha anaingia jikoni, anaitungua mbuzi ya Riziki ukutani, anaitoa nje barazani, anaikalia, mtaa mzima ukimwona.