Jotham Aliruka Dirisha

Kwangu Kitale hakukosi watu. Ule mwaka wa nzige, serikali ya Kenya na ile ya Uganda zilipokutana mjini kugombea kipande cha ardhi kwenye mteremko wa Elgon, nyumba yangu ya wageni ilijaa mpaka jikoni, na mimi Arafa ndiye niliyepewa kazi ya kupeleka chai kwenye ukumbi wa mkutano. Kwa hivyo hili sikuhadithiwa. Niliona.

Mgeni wangu alikuwa Nakhungu, mjane aliyeishi katikati ya kipande hichohicho. Alishuka Bungoma kwa miguu, akapanda lori la mahindi hadi kwetu. Kisa ni kahawa yake. Upande wa Uganda, Mwafrika alilima kahawa akauza. Upande wa Kenya, kahawa ilikuwa ya mzungu. Yako inang'olewa, na ukibisha unafungwa.

"Wakinitia Kenya, Arafa, nimekwisha," aliniambia huku akinikandia unga wa mandazi.

"Si shemeji yako Wekoye ni mzee wa baraza? Yumo mkutanoni."

"Yuko upande wa Kenya. Lakini ni ndugu ya marehemu, bana. Hawezi kunitupa."

Asubuhi Wekoye akatukuta kwenye baraza ya ukumbi. Amevaa koti la mtu mnene kuliko yeye.

"Shemeji, ingia ujisemee mwenyewe. Ndani ni wazungu wawili tu na mimi."

Nakhungu akaingia. Mimi nyuma yake na birika, Wekoye nyuma yangu.

Ndani, mbele ya ramani, alisimama Jotham. Chifu aliyepaswa kuisemea Uganda alikuwa amelala na homa, akamtuma karani wake, na lori lilikuwa limemshusha hapo alfajiri. Jotham huyo ndiye aliyemwoa Nekesa, binti wa Nakhungu.

Sasa, kwa Wabukusu na majirani zao wa mlimani, mama mkwe na mkwe hawaonani uso kwa uso. Akimwona njiani, mkwe anaingia majanini. Kukutana ndani ya chumba ni kama kuvuliwa nguo sokoni.

Nakwambia, kwa maneno machache niliyoyawahi mlangoni, Jotham alikuwa anasema vizuri! Yule Bwana mzungu wa Kenya alishaanza kufuta jasho. Aliposikia mlango, Jotham akageuka, akamwona mama mkwe. Alijitupia koti kichwani, akapiga teke kiti, akaruka dirisha. Wino ukamwagika ramanini. Nakhungu alijifunika leso akageukia ukuta.

"Mayi wee!" alilia akimwita mamake. "Mayi wee!"

Nilishindwa hata kuweka birika chini.

"Mtu wangu amekwenda wapi?" aliuliza Bwana wa Uganda, uso mwekundu.

Wekoye alikuwa na jibu tayari. "Amemwona mwenye shamba, Bwana, akashikwa na aibu. Hana la kusema tena."

"Mwongo!" Nakhungu aliuambia ukuta. "Wekoye, ulijua yuko humu!"

"Bwana, huyu ni mama mkwe wake," nikasema. "Ni mila yao."

"Wewe mimina chai," Bwana wa Uganda akanikata.

Jotham hangeweza kurudi Nakhungu akiwa ndani. Na Nakhungu hangeweza kutoka, maana Jotham alichutama chini ya dirisha, pale pale penye njia ya mlangoni. Nikatoka mbio kumwambia ahame. Akahamia nyuma ya jengo, koti bado kichwani. Niliporudi, Bwana wa Uganda, kwa hasira ya kuachwa peke yake, alikuwa ameshatia sahihi. Kipande chote, Kenya. Na upande wa Kenya mgawaji wa ardhi pale mlimani ni nani? Wekoye. Alikuwa anakula mandazi yangu.

Nilimtoa Nakhungu nje nikimshika mkono, hana machozi, mdomo wazi tu. Nikamsimamisha mbele ya jengo, nikaenda nyuma.

"Ametoka?" aliuliza Jotham. "Nirudi nimalize?"

"Wamesaini, Jotham. Imekuwa Kenya."

Akakaa chini kwenye matope.

Nikarudi mbele. Nakhungu akanishika bega.

"Mwambie hiyo miche michanga ya kahawa aje aing'oe, aivushe ng'ambo kwake kabla askari hawajafika. Angalau Nekesa avune."

Nikazunguka tena, nikamwambia. Akafuta uso kwa lile koti.

"Nitakuja," alisema. "Mwambie mama siku hiyo asiwe nyumbani."