Amri kwa Maalimu

Mwezi wa Shawwal, mwaka 1305 wa Hijra, bendera ya Sayyid ingali ikipepea forodhani Bagamoyo, Bwanausi aliketi barazani mbele ya maalimu wake, Mwinyimvua, kutahiniwa sarufi ya Kiarabu. Akifuzu, angekwenda Mbegani kusomesha chuo cha Kurani kilichofiwa na mwalimu. Asipofuzu, Mrisho, mvuvi aliyetumwa na wazee wa Mbegani, angekwenda kutafuta mtu mwingine Kaole. Mrisho mwenyewe alikuwa pale pale, akingoja.

Ulikuwa umebaki mlango mmoja wa mtihani: amri za vitenzi vinavyobadilika shina.

"Qama, alisimama," akasema Mwinyimvua. "Amuru."

"Qum," akajibu Bwanausi. Alifu ya katikati huanguka; hilo alilijua vyema.

Maalimu akajikongoja, akasimama. Bwanausi akadhani miguu imemfa ganzi.

"Nama, alilala."

"Nam."

Maalimu akajinyosha mkekani, akafumba macho.

Mrisho akanong'ona, "Bwana wee, unamlaza mzee wa watu?"

"Sijamlaza. Nimejibu."

"Mbona amelala?"

Tangu alipoanza kusoma Bwanausi hakuwahi kumwambia maalimu wake hata "njoo". Siku zote husema "tafadhali uje". Je, alitahiniwa sarufi, au adabu? Akijibu, amemwamuru mkubwa wake. Asipojibu, ni mjinga.

Mwinyimvua akaketi, akatwaa tende moja katika kisahani alichoandaliwa kwa futari. Siku hiyo alikuwa akikamilisha sita, zile siku sita zifungwazo baada ya Ramadhani, na jua lilikuwa bado juu.

"Akala, alikula," akasema, tende i karibu na mdomo. "Amuru."

Neno alikuwa nalo. Hamza ya mwanzo huondoka, basi. Lakini akilitamka, maalimu angeila tende.

"Maalimu, leo umefunga."

"Sikukuuliza saumu yangu."



"Kaole si mbali," akasema Mrisho, akitafuta viatu vyake.

Bwanausi akaitazama tende, akautazama ule mkono usiotetereka. Chini ya baraza mbuzi wa jirani alikuwa akipita, akinusa ukuta. Bwanausi akageuza uso wake kutoka kwa maalimu, akamkabili mbuzi.

"Kul," akamwambia.

Mwinyimvua akamtazama mbuzi, kisha mwanafunzi, kisha mbuzi tena. Taratibu akaushusha mkono. Mbuzi akaila tende, kokwa na yote.

"Ametii," akasema maalimu. "Kunja mkeka wako, umfuate Mrisho."

"Nimefuzu, maalimu?"

"Nimekuamuru."

Njiani kwenda Mbegani, Mrisho aliubeba mkeka wa mwalimu wao mpya begani mwake.

"Nieleze jambo, mwalimu," akasema. "Watoto wetu wakikutamkia maneno hayo, nawe utalala chini?"



"Sijui, ndugu yangu," akasema Bwanausi. "Hilo maalimu hakunifundisha."