Meneja Juu ya Kifuniko

Kila asubuhi, wageni wakiwa bado vitandani, Meneja alipanda juu ya kifuniko cha jakuzi akawahutubia wafanyakazi kuhusu kujituma. Mwenyewe hakujua kwamba ni kifuniko. Lile beseni kubwa la kuogea maji ya moto lilipoletwa kwenye nyumba ya wageni pale kilimani, liliandamana na kitu kipana, kinene, kilichojazwa sponji ngumu na kuvishwa ngozi bandia ya kahawia. Meneja alikikanyaga, akaona kinapokea kiatu kwa heshima, akaamuru kipelekwe ukumbini.

"Watu wa kiwandani wana adabu," alisema. "Wamenikumbuka kwa jukwaa."

Sponji za kuvisha mabomba nazo akazigawa ofisini, watu wakazikalia. Jakuzi likabaki barazani uchi wa mnyama, upepo wa kipupwe ukilipuliza kutwa kama mtu anayepoza chai.

Kulipasha moto ilikuwa kazi ya mzee wa tanuri. Nyumba nzima ilimwita Mjomba, lakini kwa dobi alikuwa mjomba wa kweli, kaka wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea. Mzee alichochea kuni tangu alfajiri mpaka kope zikaungua. Mvuke ulipanda hadi paani, wageni wakaupiga picha, kisha wakachovya kidole cha mguu na kukichomoa wakipiga yowe. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu.

Jumatatu Meneja alisimama katikati ya jukwaa lake, akatoa neno.

"Jumamosi linakuja kundi zima la wageni. Maji yakiwa baridi, Mjomba, Jumapili usije."

Mjomba alirudi nyuma ya nyumba akaanza kupasua kuni ambazo tayari zilikuwa zimepasuliwa.

Dobi aliyaona hayo akiwa dirishani, akikunja mashuka. Dirisha lile lilitazama ukumbi upande mmoja na baraza upande wa pili, na yeye hakuwa mtu wa kusema haraka, alitazama kwanza. Alikuwa ameshaona kwamba lile jukwaa lina bawaba katikati, kama mlango. Tena lina vishikio pembeni, ambavyo Meneja alitundikia mwavuli. Mchana wakati wa chakula alilipima kwa kamba ya kuanikia, akafunga fundo, akaenda kupima jakuzi. Fundo likaangukia palepale. Na kwamba beseni la maji ya moto lililofunikwa halipoi upesi, hilo halikuhitaji kamba. Dobi gani asiyelijua?

"Mjomba, maji yako hayana kosa," alisema. "Kofia yake imekaliwa."

"Imekaliwa na nani?"

"Na Meneja."

Mzee akaweka shoka chini. "Basi nimekwisha, mwanangu. Afadhali ingekaliwa na chatu."

Jumatano aliletwa Mtaalamu. Aliinua kipimajoto katikati ya mvuke, akakisoma kwa muda mrefu, halafu akapanda jukwaani kando ya Meneja kutoa ripoti.

"Joto lipo la kutosha," alisema. "Tatizo ni kwamba lipo juu ya maji, halipo ndani yake. Ongezeni kuni."

Wakampigia makofi. Kuni zikaongezwa, mvuke ukanenepa, maji yakabaki kama yalivyokuwa.

Ijumaa, hotuba ilipokwisha, dobi akainua mkono.

"Samahani, bosi. Sisi tunaosimama nyuma hatukuoni vizuri. Jukwaa lenyewe fupi. Mtu wa cheo chako angesimama juu ya ile meza kubwa ya kulia."

Meneja akaitazama meza, akajitazama urefu. "Hata mimi nilikuwa nalifikiria hilo. Na hili je?"

"Limeshika tope la viatu. Niachie nilifue."

Nani amkatalie dobi kufua? Akalisugua, akalibeba na Mjomba, wakalilaza juu ya jakuzi. Sponji za ofisini nazo akaziomba, eti zimeanza kunuka. Zikavishwa mabomba na kufungwa kwa vipande vya mashuka makuukuu. Meneja alipopita barazani akasimama.

"Mbona hapo?"

"Limeanikwa, bosi. Mvuke wa chini unalikausha."

"Akili hiyo," alisema Meneja, akaendelea na safari yake.

Jumamosi wageni walizama hadi mabegani wakatoa sauti za watu wanaosamehewa madeni. Meneja akazunguka nyuma kumtafuta wa kumsifu, ikiwezekana yeye mwenyewe. Akamkuta Mjomba amekaa, miguu ameinyoosha, tanuri lina magogo matatu tu.

"Umekaa?" akafoka. "Juzi maji yalikuwa baridi, lakini angalau ulitoka jasho! Leo yanaunguza na wewe mkavu kama ganda. Kumbe hii kazi haihitaji mtu. Jumapili usije!"

Dobi alikuwa papo hapo kando, akikunja mashuka, moyo ukampiga kama nguo kwenye jiwe. Akaona kukunja mashuka hakutoshi tena.

"Bosi, akiondoka, wewe ndiye utakayefunika? Lile jukwaa ni kifuniko cha jakuzi. Ndicho kinachoshika joto."

Meneja akageuka, akatazama barazani. Wageni walikuwa wamekikunja upande mmoja, vishikio vyake vikining'inia. Alivitambua.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Nilikuwa najaribu uimara wake."

"Miezi minane?" akauliza Mjomba.

"Uimara haupimwi kwa siku moja, mzee!"

"Ni kweli, bosi," dobi akadakia. "Na wenye nyumba wakija kuuliza jaribio lilikwendaje, anayelijua vizuri tangu mwanzo ni Mjomba. Akiwa hapa, atawaeleza kama wewe ulivyotueleza. Akiwa amefukuzwa, sijui atawaelezaje."

Gogo moja likapasuka ndani ya tanuri. Meneja akafunga vifungo vya koti, vyote, hata kile cha juu.

"Nilisema usije Jumapili ili upumzike," alimwambia mzee. "Lakini kama una moyo wa kazi, njoo."

Jumapili Mjomba alikuja. Alikuja mapema, begani amebeba kiti chenye egemeo.