Wanga wa Chuma

Usiku wa jana niliota kwamba kiwanda cha kusafisha chuma kimehamia jikoni kwetu. Sikushangaa. Kiwanda kinahitaji maji, na jikoni kuna maji.

Tangi la povu limesimama palipokuwa na meko. Kando yake mume wangu Mtweve, tuliyemzika kabla ya mvua kuanza, anakoroga wanga kwenye sufuria, kama alivyofanya kazini miaka yote. Amevaa lile ovaroli lililopauka magotini. Ananukia wanga na sabuni ya mche.

"Mama Ombeni, usisimame mlangoni. Unawazibia wenzako njia."

Natazama chini. Chembe za chuma, laini kuliko unga, zimepanga foleni na vikombe vyao. Nyuma yao chembe za mchanga zinapiga kelele.

"Na sisi je?"

"Nyie hamnywi. Nyie ni wa povu."

"Upendeleo tu!"

Kazi hiyo alinieleza mara nyingi tukila, nami nikisikiliza nusunusu. Chuma kikipata wanga hutulia chini ya tangi. Mchanga hung'ang'ania mapovu, ukapanda nayo, ukamwagwa nje. Alizihofia zaidi chembe ndogo kabisa za chuma, maana zisiposhikana huchukuliwa pamoja na uchafu.

"Shikaneni mikono!" anaziambia sasa. "Wewe mdogo, kunywa. Usiteme."

"Wa moto!"

"Puliza."

Hapo naona miguu yangu haigusi sakafu. Jikoni kote kumekuwa tangi, na mapovu yamenishika kwapani, yananipandisha taratibu. Naona dari, kisha bati, kisha makaburi ya kigangoni tulikomzika.

"Anakwenda huyo," chembe moja ya chuma inasema.

"Hajala tangu mazishi," nyingine inajibu. "Amekuwa mwepesi kama mchanga."

"Baba Ombeni," nasema, "niache nije uliko."

"Uje kufanya nini? Huko hata sufuria hakuna."

Ananivuta kwa kifundo cha mguu, ananikalisha juu ya ndoo, ananipa kikombe.

"Hauna sukari," nasema.

"Chuma hakijawahi kulalamika. Kunywa."

Nakunywa. Uzito unanirudia, kwanza miguuni, halafu tumboni. Nataka kumbakizia, lakini kikombe kimekwisha, na sufuria ameikwangua yote kwa ajili yangu. Povu linamchukua. Anapita juu ya kichwa changu akiwa na mwiko mkononi, uso umekunjamana kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

"Loweka sufuria," anasema. "Wanga ukikauka hautoki."

Nikaamka. Wifi yangu Skolastika, anayekaa nasi tangu msiba, alikuwa ameingia na chai ambayo kila asubuhi huirudisha bila mimi kuigusa. Alinitazama. Akalowesha ncha ya khanga kwa mate, akanifuta kwenye kona ya mdomo.

"Wifi, usiku umekula nini?"

Kwenye khanga palibaki doa jeupe. Alilikwangua kwa ukucha. Halikutoka.