Baba Hawekwi Foleni na Friji

Kuna watu wanaumwa ugonjwa wa kupenda ukubwa, na katika nyumba ile mgonjwa alikuwa kaka mtu. Dada yake alimpachika jina la Mheshimiwa, na jina lenyewe likamkaa vizuri mno, akawa analiitikia bila hata kugundua kwamba anachekwa. Aliuza bima kwa njia ya kompyuta, amejifungia chumba cha mbele, shati la pasi juu, kaptura chini. Dada yeye alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu. Alishonea chumba cha katikati. Kule nyuma kabisa, ukishapita jiko na bafu, ndiko alikolala baba yao.

Baba alipigwa na kiharusi mwaka uliopita. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakampotea karibu yote. Yaliyobaki ungeyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja: ndiyo, hapana, maji, samahani, na jina la marehemu mkewe. Mkono wa kushoto ulibaki mzima, basi Fundi akamnunulia kitufe cha kuitia, kidogo, cha kukaa kiganjani. Baba akibonyeza, kinapita kwenye Wi-Fi ya nyumbani na simu ya Fundi inalia kule penye cherehani, naye anaacha kila kitu anakwenda. Kumgeuza, kumpa maji, kumpeleka chooni. Mara nane, mara kumi kwa siku. Alikuwa analalamika, asiseme mtu kwamba hakulalamika, lakini alikuwa anakwenda.

Sasa sikiliza mambo ya Mheshimiwa.

Ruta, kile kisanduku cha kurushia Wi-Fi, ilikuwa ukutani chumba cha mbele, na ilitoa mitandao miwili. Kijana aliyekuja kuifunga aliwaeleza wote wawili, taratibu kabisa: huu wa masafa ya tano una mbio lakini kuta zinaumaliza nguvu, huu wa mbili nukta nne unajikokota, lakini unapenya na kufika mbali. Kompyuta iliyo jirani na ruta iwekwe kwenye tano. Friji, taa za uani, kamera ya getini na kitufe cha mzee, mbili nukta nne. Fundi alielewa. Mheshimiwa alisikia namba tu, na kati ya tano na mbili na ushee, yeye anajua ipi kubwa.

Jumatatu asubuhi akafungua orodha ya vifaa kwenye simu yake, akaisoma, akafura.

"Yaani Baba, mzee mzima, amepangwa foleni moja na friji?"

"Kaka, ile si foleni ya heshima," Fundi akamjibu, pini mdomoni. "Ni umbali tu."

"Umbali gani? Mimi niwe kwenye tano, baba yangu mzazi awe kwenye mbili? Watu watatuelewaje?"

Watu gani, jamani? Nani huwa anapita mtaani akikagua mzee wa nani yuko masafa gani? Lakini ukibishana na Mheshimiwa unajichosha bure. Kitufe cha zamani hakikuweza kushika tano, akakitupa, akanunua kipya chenye kioo, kinachoshika yote mawili. Akakiunganisha palepale chumba cha mbele, hatua mbili kutoka kwenye ruta, akabonyeza. Simu ya Fundi ikalia papo hapo.

"Umeona mambo hayo?" akasema, kifua mbele.

Fundi alikuwa na sare za shule sitini za kumaliza wiki ile. Akaguna, akarudi kwenye cherehani. Hakusema "kajaribie kule chumbani," na kwa hilo atajilaumu siku nyingi. Mheshimiwa akakipeleka kitufe nyuma, akapita ukuta wa kwanza, wa jiko, na ule wa bafu wenye vigae chini mpaka juu, akamwekea Baba mkononi, akaenda zake na dhamiri safi.

Siku ile simu haikulia. Jumanne haikulia. Fundi aliendelea kuingia kwa Baba saa zake zilezile, asubuhi kumwogesha, mchana chakula, jioni dawa, na katikati hapo akashona mfululizo kama hajawahi kushona. Akadhani mzee ameona kazi ilivyomwelemea, akaamua kumhurumia. Jioni ya Jumanne, anamfunika shuka, akamwambia kwa moyo mweupe kabisa:

"Baba, siku hizi hunisumbui hata kidogo. Ahsante sana, baba yangu."

Baba akageuzia uso ukutani. Glasi ya maji ilikuwa imejaa vilevile alivyoiacha mchana. Fundi akadhani hana kiu.

Jumatano, kabla ya saa ya chakula, akaishiwa vifungo. Boksi la vifungo lilikuwa kwenye kabati la chumbani kwa Baba. Akasukuma mlango, akasimama pale pale.

Baba alikuwa amekandamiza kitufe kwa dole gumba mpaka ukucha umekuwa mweupe. Kwenye kioo kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka tu. Anaachia, anategea sikio, anabonyeza tena. Shuka limelowa chini yake. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Na simu ya Fundi iko mfukoni mwake, kimya kama haipo.

Baba akamwona.

"Samahani," akasema.

Mungu wangu! Anayeomba msamaha ni yeye! Siku tatu anamwita binti yake, binti haji, halafu binti anaingia kumshukuru kwa kutomsumbua, na mzee alikuwa keshaacha kunywa maji ili asimchoshe mtu. Fundi alielewa yote kwa mara moja, na hasira ikampanda mpaka macho yakaingia giza. Akamsafisha kwanza, akabadilisha shuka, akamnywesha glasi mbili. Kisha akaenda chumba cha mbele.

Mheshimiwa alikuwa anatabasamu mbele ya kompyuta, anawaeleza wateja faida za kujali familia. Fundi akaifunika kompyuta pu!

"Una wazimu? Niko kwenye mkutano!"

"Inuka."

"Wewe, mimi ni kaka yako..."

"Nimesema inuka, kabla sijasahau kama wewe ni kaka yangu!"

Akamburuta kwa shati lake la pasi mpaka chumba cha nyuma, akampachika kitufe mkononi. Yeye akashika simu juu, usoni kwa kaka yake.

"Bonyeza."

Mheshimiwa akabonyeza. Kiduara kikazunguka.

"Bonyeza tena. Bonyeza, si unampenda Baba? Bonyeza!"

Akabonyeza mara sita. Simu haikusema kitu.

"Lakini kule mbele ilikuwa..." akaanza.

"Baba analala kule mbele? Analala juu ya ruta? Ulimpa namba kubwa ukamnyang'anya sauti, halafu ukakaa unajipongeza! Hata kuuliza hujauliza. Tangu Jumatatu hujatia mguu humu ndani, mwenye heshima zako!"

Mheshimiwa akatoa simu yake, akagusa hapa na pale, kitufe kikahamia mbili nukta nne, na simu ya Fundi ikalia. Haikuchukua hata dakika mbili. Hapo ndipo Fundi alipotamani kumrushia kitu.

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, kilikuwa hakilii. Haki ya Mungu sikusikia. Ningesikia ningekuja."

Akamwekea kitufe mkononi. Baba alikitazama, akamtazama yeye, halafu akakisukumia chini ya mto.

"Hapana," akasema.

Fundi akainuka, macho yamemjaa machozi. Mheshimiwa alikuwa tayari anaelekea mlangoni.

"Basi, kimepona. Wateja wananingoja."

"Wakungoje. Utakaa na mimi penye cherehani mpaka Baba aite."

"Na asipoita?"

"Basi utahamia pale."

Akakaa, mtu na kaptura yake, katikati ya marobota ya sare. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Simu iko mezani kati yao. Fundi alishona mkono mmoja mara tatu, akaufumua mara tatu.

Saa kumi kasoro simu ikalia.

Mheshimiwa akaruka. "Niende mimi! Tafadhali, dada, niache niende mimi."

Akakimbia. Fundi akabaki kwenye kiti, akasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, akasikia sauti ya kaka yake, nyembamba, haina uheshimiwa hata chembe: "Nimekuja, Baba. Nipo hapa. Unataka nini?"

Simu ikalia tena.

"Baba, ni mimi. Nimeshafika. Niambie."

Ikalia mara ya tatu. Fundi akaweka chini mkasi, akaenda.