Mlango wa Kuimbiwa

Mlango wa choo chetu umevimba kwa mvua na haufungi. Anayeingia huimba, ili wengine wajue kuna mtu. Dawa yake ni kuupitishia randa kidogo tu ubavuni, na mume wangu, Mungu anisaidie, ni seremala.

"Kwanza ninoe kisu cha randa," alisema.

Seremala wangu hataki kile kibanio kinachoshika kisu kisiyumbe juu ya jiwe la kunolea. Hicho, anasema, ni cha wanaojifunza. Yeye hunoa kwa mkono mtupu, macho kayafumba nusu kama anayeonja mchuzi. Mkono ukiyumba, makali yanakwenda upande, naye anasaga upya kuyanyoosha. Halafu anayajaribu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono. Vya mikono vilipoisha, akahamia miguuni. Sisi tukaendelea kuimba.

Jana mama yangu alikuja kututembelea. Alipouliza choo, nikamweleza utaratibu wetu. Mume wangu kwa aibu akakurupuka na randa yake, akasukuma. Haikutoka hata chembe ya ubao. Akasukuma tena mpaka jasho likamtoka. Kumbe kisu kimenolewa hadi kimekuwa kifupi, hakifikii tena mbao!

"Lakini makali yapo, mama," alijitetea, akimwonyesha mkwewe mkono laini kama wa mtoto mchanga. "Yananyoa!"

Mama aliutazama mkono ule kwa makini.

"Mkono mzuri, mwanangu. Haya, ushike mlango kwa nje. Mimi sijui kuimba."