Filamu ya Kulialia

"Ule mufasiri iko wapi?" Komanda aliuliza, na kabla hajajibiwa akaketi kwenye benchi la mbele, bunduki mapajani. "Mi nataka kumusikia tena. Umesikia?"

Mounira, muuza maandazi, alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, mafuta ya mawese yakichemka nyuma yake. Alimtazama Jérôme, mwenye ukumbi wa video. Jérôme alikuwa mtu mnene asiyejua kudanganya, na jasho lilianza kumtoka hata kabla hajafungua kinywa.

"Alienda Kibombo, Afande. Kutafuta mucele."

"Siku gani?"

"Juzi. Ao... jana."

Assani, mufasiri mwenyewe, hakuwa Kibombo. Alikuwa hatua nane tu kutoka kwenye benchi la Komanda, ndani ya stoo nyuma ya televisheni, amelala katikati ya magunia ya pumba. Kabla ya vita ukumbi huo wa mtaa wa Mikelenge ulikuwa kinu cha mpunga. Mashine iliporwa, lakini pumba hazikumpata wa kuzipora, zikabaki. Mlango wa stoo ulikuwa pazia la gunia na basi. Na Assani, mdogo wake Mounira, kitinda mimba wa mama yao, tangu utotoni vumbi lilikuwa likimbana kifua.

Mdomo huponza kichwa. Jumamosi iliyopita, akifasiri filamu ya karate, Assani alimfanya mwizi wa ng'ombe aseme kama Komanda, kila sentensi ikiishia na "umesikia?" Watu walicheka mpaka benchi likavunjika. Asubuhi hii askari walifika nyumbani kumtafuta. Kivuko cha kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto, kilikuwa kimefungwa na askari, naye hakupata pa kukimbilia ila palepale alipokosea.

"Tutamungoja," Komanda alisema. "Weka filme."

Askari wake wanne wakaketi. Wateja wachache waliokuwamo wakajibana ukutani, na hakuna aliyethubutu kuaga. Nje lilikuwa jua la saa tisa mchana. Ndani, maturubai madirishani yalileta giza la kutosha kuona picha.

Kanda nzuri zote zilikwisha kubebwa kambini. Ilibaki moja, ya Kihindi, ambayo vijana waliiita ya kulialia. Hata Assani aliikataa; alisema filamu isiyo na ngumi haina cha kufasiri. Jérôme aliiweka mchana tu, kabla ya wateja, kupima umeme, yeye mwenyewe akiwa uani anahangaika na jenereta.

"Na nani atafasiri?" Komanda aliuliza.

Wateja wakatazama sakafu. Katika ukimya huo Mounira alisikia kitu ambacho alimwomba Mungu asikisikie mtu mwingine: pumba zikichakarika nyuma ya pazia. Ukumbi ukikaa kimya, Assani amekwisha.

"Njo mimi nitafasiri," alisema.

Askari wakaangua kicheko. "Mama ya mandazi?"

"Mi najua Kihindi."

Uongo, lakini si uongo mtupu. Miezi minane alikuwa amekaanga maandazi yake ya unga wa mchele akiwa ameegemea ukuta ule wa udongo kwa nje, na miezi minane filamu ile ilimwingia masikioni bila yeye kuiona hata mara moja. Katikati ya Kihindi yalichomoza maneno aliyoyajua, aliyoyarithi kwa mababu waliofika na misafara ya pwani: dunia, safari, wakati, habari, dawa, mauti. Yalikuwa yamevaa nguo ngeni kidogo tu. Kwa maneno hayo alijishonea hadithi: ndugu wawili, mama mgonjwa, mkubwa akawa askari, mdogo akawa mwizi. Karibu na mwisho kila kitu kilinyamaza, kisha mwanamke akaimba. Hapo Mounira alijua kwamba mdogo ameuawa, na kila mara machozi yalimdondokea kwenye unga.

Alisimama kando ya televisheni, mgongo wake karibu na pazia, mwiko bado mkononi. Jérôme akawasha.

Mama mgonjwa, ambaye Mounira alimjua kuwa kikongwe mkondefu, alitokea mnene, na hereni kubwa za dhahabu. Mounira hakujali. Alianza kusema, tena kwa sauti ya juu, ili asiache upenyo. Maneno yalipomkimbia alifasiri miti, mvua, mbwa wanaopita. Nyimbo hazifasiriwi, kila mtu anajua, lakini yeye alizifasiri zote, na pale aliposikia nyuma yake pumzi ikikwaruza, aliimba mwenyewe kwa nguvu mpaka Jérôme akaziba uso kwa viganja.

Kidogo kidogo kicheko cha askari kikaisha. Mmoja alivua kofia akaiweka gotini. Ndugu wawili walipotengana kituo cha treni, mwingine alipenga kamasi na kusingizia moshi wa mawese.

Kisha mwizi akaingia mbio ndani ya nyumba, akatazama huku na huku, akajificha nyuma ya pazia.

Hili Mounira hakulijua. Mtu akijificha hasikiki.

"Iko nyuma ya pazia!" askari mwenye kofia gotini alipiga kelele.

Macho ya Komanda yaliiacha televisheni. Yalipita juu ya bega la Mounira, yakatua kwenye lile gunia, yakakaa. Kwenye picha ndugu mkubwa aliingia na bastola, akiwa na wenzake. Neno mauti likatajwa mara moja. Halafu ukimya ule ukafika, ule anaoujua.

"Fasiri," Komanda alisema.

"Afande, hapa hawasemi kitu."

Mkubwa alilifunua pazia. Ndugu wakatazamana. Mounira, aliyekuwa amemlilia huyu mtu miezi minane, alikaza meno kungoja risasi. Mkubwa akalishusha pazia taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, akawageukia wenzake, akatikisa kichwa. Wakatoka. Na mwanamke akaanza kuimba. Hakuwa akiomboleza hata kidogo. Alikuwa yule mama mnene, jikoni, akipakua chakula cha watu wawili.

"Kumbe hakufa!" Mounira alilia. Alimsahau Komanda, alisahau na kazi yenyewe. "Jamani, kumbe hakufa!"

Furaha yake ilikuwa ya kweli kiasi kwamba ukumbi mzima ulicheka naye, askari na raia. Komanda hakucheka.

"Rudisha nyuma."

Jérôme akarudisha. Pazia likafunuliwa, likashushwa.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu Komanda alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini. "Sababu gani alimuacha?"

"Sijui, Afande. Hakusema."

"Lakini we njo mufasiri."

"Mi nafasiri kile kinasemwa."

Jenereta ikakwama mara mbili, ikazima. Picha ilijikunja ikawa nukta nyeupe, nukta ikafa. Hapakuwa na mngurumo tena, wala wimbo, wala sauti ya Mounira. Na nyuma ya gunia Assani akakohoa. Alikohoa mara moja, kisha kwa kirefu, kama mtu aliyezuia kifua kwa saa mbili nzima.

Askari mmoja akasimama, akakoki bunduki. Komanda aliinua mkono bila kumtazama. Mounira alijikuta amesimama mbele ya pazia, mikono ameitanua, mwiko mmoja dhidi ya bunduki tano. Aliogopa sana, na hakusogea.

Komanda alimjia mpaka akasikia harufu ya tumbaku yake. Hakumtazama usoni. Alitazama lile gunia, lilivyokuwa likitikisika.

"Panya yenu iko na kifua," alisema.

Mounira aliukaza mwiko.

"Mumupatie dawa. Na kesho nisimusikie tena upande huu ya mto. Umesikia?"

"Nimesikia, Afande."

Komanda akapita mlangoni, akachukua maandazi matatu kwenye beseni, akaondoka na watu wake. Jioni ile ile walinzi wa kivukoni waliitwa kambini, na Assani akavuka Lualaba, pumba zikiwa bado nyweleni. Mwezi uliofuata Komanda alihamishwa. Wengine husema alikufa njiani. Hakuna aliyewahi kujua kama alikuwa na ndugu.

Siku hizi Mounira anakaanga uani kwake Alunguli, pikipiki zikipita na vumbi lake, macho yakiwa yamechoshwa na moshi. Jana Divine, mjukuu wake, alitoka ndani mbio na simu mkononi.

"Koko, nimeipata filme yako! Na iko na maandiko ya Kifaransa chini. Kuja uone."

"Mikono iko na unga. Weka tu, nitasikia."

Divine akaisimamisha simu juu ya kinu, akakaa kusoma maandishi. Mounira aliegemea ukuta. Upande wa pili ndiko anakolala Assani mchana, mzee sasa, bado na mdomo wake.

"Koko, hawa hawako ndugu," Divine alisema baada ya muda. "Njo marafiki tu. Na mama hata haiko mugonjwa."

"Nyamaza, usiniharibie."

Dunia ikapita, ikapita safari. Mtu akakimbia ndani ya nyumba. Mauti ikatajwa mara moja, na simu ikanyamaza.

"Hapa haiko maneno," Divine alisema, kidole juu ya kioo. "Niruke?"

"Usiruke."

Mounira alishika donge la unga juu ya mafuta, asiliachie. Nyuma ya ukuta, Assani akakohoa.